Alama Alizozifuta Darla

Nimekasirika, na asije mtu hapa akaniambia nitulie. Nina miaka sabini na miwili. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne katika shule ya mji huu, nimezika mume, nimewekewa nyonga ya chuma, na kila mara kulikuwa na mtu wa kuniambia, "Elma, tulia." Nimetulia vya kutosha. Leo nasema habari za Darla Heikkila, na nitazisema kwa hasira kwa sababu sijui njia nyingine ya kuzisema.

Darla mnamjua. Kama una mtoto au mjukuu aliyepita shule yetu ya msingi miaka hii kumi na tisa, unamjua. Ndiye yule mama mnene wa koti la kijani anayekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, akimwambia mtoto wa miaka sita, "Tazama mdomo wangu. Sasa ulimi upandishe. Tena." Cheo chake ni msaidizi wa darasa. Kazi anayoifanya ni ya mtaalamu wa matamshi, ila hana karatasi ya kumruhusu kujiita hivyo.

Kazi hiyo hakujifunza chuoni. Alikuwa na miaka ishirini na minne mama yake alipopatwa na kiharusi akiwa anaanua nguo, akapoteza maneno yote isipokuwa "hapana". Ukimuuliza kama ana njaa, hapana. Ukimuuliza jina lake, hapana. Hospitali ilimpa mazoezi ya wiki sita kisha ikamrudisha nyumbani. Darla akaketi naye mezani kila asubuhi, akamfundisha neno moja moja, kama unavyomfundisha mtoto mchanga. Neno la kwanza lilikuwa "kahawa". Lilichukua miezi miwili. Siku mama alipolitamka, Darla alinipigia simu akilia, nami nikaenda na mkate wa iliki tukanywa hiyo kahawa. Yule mama aliishi miaka tisa zaidi, na alikufa akiwa na maneno ya kutosha kumgombeza mkwe wake.

Sasa nikwambie jambo moja la zamani, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nimewaka hivi. Nilimfundisha Darla akiwa na miaka kumi na minne. Hakuwa hodari sana, wala hakuwa mjinga. Alikuwa wa wale wanaofuta. Anaandika jibu, jibu ni sahihi kabisa, halafu mimi napita karibu na dawati lake, nakohoa tu, basi anashika ufutio na kulifuta. Daftari lake lilikuwa na matundu. Nilimgombeza mwaka mzima kwa ajili hiyo. "Darla! Kwa nini umefuta?" Naye anasema, "Nilidhani nimekosea, Mwalimu." Mpaka leo ananiita Mwalimu. Mji mzima unaniita hivyo.

Mwaka jana wakatuletea Brynn. Brynn ana miaka ishirini na sita na karatasi zote. Anakuja kila Jumanne kutoka mji mwingine, anakagua, anatia sahihi, anaondoka. Watoto wanafanya mazoezi na Darla siku nne, na siku ya tano Brynn anaandika kwamba wameendelea vizuri. Nilimchukia bila hata kumsikia. Lakini haki ni haki, yeye ndiye aliyemwambia Darla, "Dada, mimi natia sahihi kazi yako. Hii si sawa. Nenda kasome."

Chuo kimoja huku kwetu kaskazini kilikuwa na mpango wa watu wanaofanya kazi: unasoma ukiwa kwako, unakwenda chuoni Jumamosi tu, baada ya miaka mitatu unapata shahada ya uzamili na leseni. Kundi la mwaka huu lingekuwa la mwisho, kisha mpango ufungwe. Baada ya hapo, anayetaka leseni atahama aende kukaa mbali na kwake. Masharti yalikuwa mengi na Darla alikuwa nayo yote ila moja. Lazima afanye ule mtihani wa kompyuta wa kuingilia shahada ya pili na apate alama mia mbili tisini na nane, na alama zifike chuoni kabla ya tarehe saba Machi.

Mwanamke aliyemrudishia mama yake maneno, wanataka kujua kama anaweza kutafuta eneo la pembetatu iliyochorwa ndani ya duara! Mtoto asiyeweza kusema jina lake mwenyewe anahitaji nini na pembetatu ndani ya duara? Na anayesema hivi ni mwalimu wa hesabu.

Januari tarehe kumi na nane alikwenda peke yake, hakumwambia mtu, akafanya mtihani bila maandalizi ya maana. Akapata mia mbili tisini. Jumatatu yake akaja jikoni kwangu, theluji imemjaa mabegani, hakuvua hata buti.

"Mwalimu, nimefeli."

"Kwa ngapi?"

"Nane."

"Nane si kufeli. Nane ni uvivu wa kuja kwangu mapema. Vua buti, unanichafulia sakafu."

Nafasi ya kurudia iliyokuwapo ilikuwa moja tu, Jumamosi tarehe ishirini na mbili Februari. Ukifanya siku hiyo, alama zinafika chuoni siku kumi baadaye, yaani tarehe nne Machi. Tulikuwa na wiki tano, na hapakuwa na nafasi ya tatu.

Nikamtengenezea ratiba. Shule inafungwa saa tisa. Saa kumi kasorobo awe mezani kwangu, na saa kumi na moja na nusu aende kupika. Jumatatu sehemu na asilimia, Jumanne maumbo, Jumatano maneno magumu, Alhamisi kusoma habari ndefu na kujibu, Ijumaa mtihani mzima kwa saa ya ukutani. Jumamosi asubuhi tunasahihisha makosa, jioni tunaingia sauna, kile kibanda changu cha mvuke wa mawe ya moto, kama kawaida yetu ya miaka yote. Nilikuwa na kitabu changu cha mazoezi ya mtihani huohuo, kinene, jalada limeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Nilikitumia zamani kuwafundisha vijana waliotaka kwenda vyuo vikuu, enzi ambazo mtihani ulifanywa kwa penseli. Vijana wangu walifaulu kwa kitabu hicho. Wawili ni madaktari.

Nilimfundisha kama nilivyofundisha siku zote, kwa kelele.

"Asilimia ishirini ya mia na hamsini!"

"Thelathini."

"Una uhakika?"

"Eh... labda si..."

"Ala! Ni thelathini! Kwani nilisema umekosea? Nimekuuliza kama una uhakika!"

"Ukiniuliza hivyo, Mwalimu, nakosa uhakika."

"Basi ukose uhakika kimoyomoyo, lakini jibu liache hapo hapo!"

Anacheka, nami nacheka, kisha tunaendelea. Wiki ya tatu alikuwa anapata mazoezi ya kitabu kwa wastani ambao ningeuwekea nyumba yangu dhamana. Mumewe Wayne, anayeendesha gari la kusukuma theluji la wilaya, alikuwa anasimama mlangoni kumchukua na kutia maneno yake.

"Mwalimu, huyu mke wangu jana amenikokotolea asilimia ya chumvi kwenye mchuzi. Nimerudishiwa shule bila kuomba."

"Na ulipata ngapi?"

"Nilinyamaza nikala."

Basi. Alhamisi moja ya wiki hiyo ya tatu, mlango ukagongwa. Brynn. Haikuwa Jumanne, siku yake, lakini amekuja; amevaa viatu vyepesi kwenye theluji, ameshika kompyuta kifuani kama sahani ya mayai.

"Shikamoo, Bi. Saarela. Nimesikia Darla anasomea hapa. Nilikuwa nataka niwaonyeshe jinsi mtihani unavyokuja sasa. Si kama zamani, umebadilika namna ya—"

Nikamkata kauli. Nayakumbuka maneno yangu, na usiku na mchana yananirudia. Nilisema, "Binti, hesabu haibadiliki. Mbili na mbili zilikuwa nne kabla mama yako hajazaliwa. Sisi tuna kazi hapa."

"Ni dakika kumi tu, bibi. Kuna jambo moja kuhusu sehemu ya pili—"

"Karibu siku nyingine."

Nikafunga mlango. Darla alikuwa ameinua kichwa. Aliniambia taratibu, "Mwalimu, labda tungemsikiliza." Nikamwambia, "Anajua nini yule? Anajua kutia sahihi." Darla akainamisha kichwa kwenye kitabu. Brynn alirudi tena wiki iliyofuata, safari hii akapiga honi nje bila kushuka, nami sikutoka.

Siku moja kabla ya mtihani Darla aliniuliza swali. Tulikuwa tumemaliza, anakunja karatasi zake.

"Mwalimu, mwishoni kuna kitu. Ukishamaliza, kabla mashine haijakuonyesha alama, inakuuliza: zipelekwe au zifutwe? Ukisema zipelekwe, ndipo unaziona. Ukisema zifutwe, huzioni na chuo hakizioni. Mwezi uliopita nilibonyeza zipelekwe. Sasa nikiona nimeharibu?"

Mimi niliyempigia kelele mwaka mzima kwa kufuta. Mimi! Nilifikiria ile mia mbili tisini iliyokwisha kufika chuoni, nikafikiria watu wa ofisini wanaipitisha mkononi wakitabasamu, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasema, "Ukiona umeharibu, futa. Usiwape karatasi ya pili ya kukuchekea."

"Nitajuaje kama nimeharibu?"

"Utajua. Mtu hujua."

Asubuhi ya Jumamosi Wayne alitupakia kwenye gari lake, mimi kiti cha nyuma na kikapu cha mikate ya nyama na viazi, mwendo wa saa mbili na nusu. Darla hakula. Alikuwa anasema asilimia chini kwa chini. Kwenye kituo cha mtihani wakamwambia ageuze mifuko nje, wakamkagua miwani, wakamvua saa, wakamtoa hata kitambaa cha kupengea kamasi mkononi. Mlango ukafungwa. Mimi na Wayne tukaenda kukaa kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, tukanywa kahawa mbaya na kutazamana.

Alitoka baada ya saa mbili na robo. Nilimwona kupitia kioo anavuka barabara bila kutazama magari. Akaingia, akaketi, akaweka mikono mezani.

"Nimefuta," akasema.

Wayne akauliza, "Kwani ulipata ngapi?"

"Hakuna ngapi. Nimefuta kabla ya kuona."

"Subiri. Yaani umepika, umepakua, halafu umemwaga kabla ya kuonja?"

"Wayne, nyamaza!" nikamfokea.

Darla akaeleza. Sehemu ya kwanza ya hesabu ilikwenda vizuri kabisa, kama yuko jikoni kwangu. Ya kwanza ya lugha vilevile. Halafu zikaja sehemu za pili. "Mwalimu, sijawahi kuona maswali ya namna ile. Kila swali gumu. Januari sehemu za pili zilikuwa rahisi, nilipumua kidogo. Safari hii zilinikaba. Nilijibu, lakini kila jibu nililipata kwa jasho. Nikasema basi, nimeharibu. Swali likaja, zipelekwe au zifutwe. Nikakumbuka ulivyosema."

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilimpigapiga mkono nikasema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Angalau hawatakucheka."

Tulirudi nyumbani. Mikate ilibaki kwenye kikapu, imepoa.

Jumanne yake, saa kumi kasorobo, ile saa yetu, mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Darla mbele, Brynn nyuma na kompyuta yake. Darla hakunisalimu. Akavuta kiti, akaketi, akamwambia Brynn, "Mwambie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Brynn akaiweka kompyuta mezani. Akasema, "Bi. Saarela, mtihani huu siku hizi unampima mtu kwa hatua. Sehemu ya kwanza wote wanapewa ya ugumu wa kati. Ukifanya vibaya, mashine inakupa sehemu ya pili rahisi. Ukifanya vizuri, inakupa ngumu. Darla amepewa sehemu za pili ngumu, za hesabu na za lugha."

Nikasema, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alikuwa anafaulu. Ugumu ule ndiyo dalili. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia ile Alhamisi."

Nikaketi.

Kitabu changu kilikuwa pale mezani, na jalada lake la gundi. Katika kitabu kile maswali hayabadiliki. Ukifanya vizuri, ukurasa unaofuata ni uleule, na ukifanya vibaya ni uleule. Nilikuwa nimemfundisha kwa wiki tano mtihani uliokufa zamani, na aliyejua habari za ulio hai nikamwacha kwenye theluji.

"Zinaweza kurudishwa," Brynn akasema haraka. "Alama zilizofutwa zinaweza kuombwa tena. Tuombe sasa hivi." Tukaomba pale pale, Darla anaandika, Brynn anamwonyesha mahali pa kubonyeza. Jibu likaja kwenye skrini: maombi yamepokelewa, subirini hadi wiki mbili.

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto. Wiki mbili kutoka siku ile ni tarehe kumi na moja Machi. Chuo kinafunga tarehe saba. Siku nne tu zilizidi.

Nikapiga simu chuoni. Aliyepokea ni mama mmoja anaitwa Bi. Pruitt, sauti laini, na laana ya sauti laini ni kwamba huna pa kuishika.

"Alama zipo," nikamwambia. "Zimekwisha kupatikana. Mtihani umefanywa tarehe ishirini na mbili. Nyinyi mnangojea karatasi tu."

"Naelewa, mama. Lakini zikifika baada ya tarehe saba hatuwezi kuzitumia."

"Siku nne! Huyu mtu amefanya kazi hii miaka kumi na tisa!"

"Naelewa, mama."

"Huelewi! Usiniambie unaelewa! Una mtoto wewe? Ana miaka mingapi? Anatamka vizuri? Nani alimfundisha?"

"Mama, tarehe ni tarehe."

"Na mjinga ni mjinga!" nikasema, nikakata simu. Nikageuka nikidhani Darla ataniunga mkono. Alikuwa amekwisha kuvaa koti. Walikuwa wanatoka.

Wiki mbili zile nilimgombeza kila mtu aliyepita karibu yangu. Nilimgombeza mchungaji kwa mahubiri marefu na mwuza duka kwa maziwa yaliyokaribia kuharibika. Niliandikia chuo barua nne. Walinijibu moja, mistari miwili. Nilimlaani aliyetengeneza mtihani unaomwadhibu mtu kwa maswali magumu pale anapojibu vizuri, bila kumwambia. Ningekutana naye ningemkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni, nimpigie kelele mpaka saa kumi na moja na nusu. Tarehe saba ikapita. Bi. Pruitt akamwandikia Darla barua ya heshima: maombi yake hayakukamilika.

Tarehe kumi na moja, saa kumi kasorobo, Darla akaja peke yake. Alivua buti mlangoni, akazipanga. Akaniwekea karatasi mezani. Mia tatu na tatu.

Alama tano juu ya zile zilizotakiwa.

"Mungu wangu," nikasema. "Darla! Mia tatu na tatu! Sasa tunampigia yule mama tena, na safari hii—"

"Hapana."

"Tunakwenda wenyewe. Wayne atupeleke. Nitasimama pale ofisini kwake mpaka—"

"Mwalimu, hebu nyamaza."

Katika miaka thelathini na miwili hakuwahi kuniambia hivyo.

"Kila siku unawaka," akasema. "Unamwakia Brynn, unamwakia Wayne, unamwakia yule mama wa chuo aliyekuwa anafanya kazi yake tu. Hivi unajua mimi nimemkasirikia nani?" Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anatamka kila neno wazi, kama anavyowatamkia watoto. "Nilipokuwa na miaka kumi na minne ulinikemea mbele ya darasa zima kwa sababu nafuta. Mara ngapi? Ulinishika mkono siku moja ukachukua ufutio ukautupa dirishani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikaacha kufuta. Miaka yote hii sikufuta kitu. Nimemfundisha mama yangu, sikufuta. Nimefundisha watoto wa watu, sikufuta. Halafu siku moja, siku moja tu niliyohitaji kuliacha jibu lilipo, nani ameniambia nifute?"

Nikakivuta kitabu changu karibu yangu, nikakifunga.

"Na mlango ule," akasema, akionyesha. "Alikuja mara mbili. Nilikwambia tumsikilize. Ulimfukuza kwa sababu ni mdogo, kwa sababu ana kompyuta, kwa sababu hakuanzia kwako. Hukutaka nifaulu kwa njia yoyote isipokuwa yako."

"Darla, si kweli."

"Ni kweli, Mwalimu."

Akachukua karatasi yake, akakiangalia kitabu changu pale mezani, akakichukua nacho, akavaa buti zake na kutoka. Alisahau kufunga mlango, au hakutaka kuufunga. Theluji iliingia mpaka karibu na jiko.

Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Jumamosi niliwasha sauna kwa mtu mmoja. Kuwasha sauna kwa mtu mmoja ni upotevu wa kuni, marehemu mume wangu angeniambia, lakini niliwasha, na kila Jumamosi nilitoa taulo mbili nikarudisha moja. Habari zake nilizipata dukani kama watu wengine. Mke wa mwuza duka ndiye aliyeniambia, akinipimia viazi: "Darla amepata chuo kingine, kule kusini, saa tano kwa gari. Alama zake zinakubalika miaka mitano, eti. Atapanga chumba huko miaka miwili, anarudi likizo. Wayne anajifunza kupika. Hukujua, Mwalimu?"

"Nilijua," nikamwambia. Sikujua. Na nilikasirika, ndiyo. Watoto wetu miaka miwili bila Darla, Wayne peke yake mezani, Darla na miaka yake arobaini na sita analala kitanda cha kukodi kati ya vijana, yote kwa ajili ya siku nne. Nilibeba viazi vyangu nikaenda nyumbani nikafunga mlango kwa kishindo, na hapakuwa na mtu wa kukisikia.

Jumamosi ya pili ya Mei, moto umekwisha kushika na mawe yameanza kulia, mlango wa sauna ukafunguliwa. Darla. Taulo begani, kitabu changu mkononi.

"Nimekurudishia," akasema.

"Kaa nacho."

"Sitaki kukaa nacho. Wala sitaki ukae nacho wewe. Mtoto wa akina Maki anataka kufanya mtihani huu mwakani. Atakuja kwako, wote wanakuja kwako. Sitaki umfundishe kwa hiki."

Nikakipokea. Kilikuwa na maandishi yangu ya kalamu nyekundu ya miaka thelathini, na pembeni maandishi yake ya penseli ya wiki tano. Nikafungua mlango wa jiko, nikakisukuma ndani mwenyewe. Ile gundi ya jalada ndiyo iliyoshika moto kwanza.

"Mtoto wa Maki nitampeleka kwa Brynn," nikasema.

"Brynn amekwisha kukubali. Nilimwomba wiki iliyopita."

Akavua nguo, akapanda benchi la juu, nami nikakaa la chini kwa ajili ya nyonga. Akachota maji kwa kata, akayamwaga juu ya mawe, mvuke ukapanda.

"Bado umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema.

Mvuke ukanipalia, nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu, mara mbili, tatu, mpaka machozi yakanitoka, kisha nikainua uso kumtazama. Alikuwa amenikazia macho, kata mkononi, na jibu lake alikuwa ameliacha hapo hapo.